Mnaulizia oili, mtungi umejaa maji

Shikamoo fundi. Spana yangu ya upepo ilikuwa inafungua nati za Land Cruiser bila shida. Sasa inazunguka tu, nguvu haina. Ninunue nyingine? (Unga Limited, Arusha)

Marahaba. Usinunue. Umeeleza yote ya spana, mtungi wa kompresa, ile mashine inayoshindilia upepo, hukuutaja. Koki yake ya chini, ya kumwagia maji, uliifungua lini mara ya mwisho? Upepo ukishindiliwa unapata joto, ukipoa mtungini mvuke wake unakuwa maji. Maji hayo yanafuata mpira hadi kwenye spana, yanaosha oili na kuleta kutu, na vile vibao vyembamba vya kwenye rota, kile kiini kinachozungushwa na upepo, vinanata. Visipochomoza, upepo unapita bure. Masika ndiyo mbaya zaidi.

Mwaga maji yote. Chomoa mpira, tia oili ya vifaa vya upepo matone kama kumi pale upepo unapoingilia, uiache kidogo. Unganisha, iendeshe taratibu huku umefunika tundu la kutolea hewa kwa kitambaa, maana itatema uchafu mweusi. Rudia mpaka itoke safi. Baada ya hapo ni matone manne au matano kila asubuhi. Msukumo wa upepo uwe psi 90 kwenye geji spana ikiwa inazunguka, siyo ikiwa imetulia.

Oili ya injini inafaa? (Majengo, Moshi)

Hapana. Ni nzito, inaacha utando unaonata. Nimeshalijibu hili mara nyingi, na bado naletewa spana zimejaa oili chafu ya gari la mteja.

Mimi spana naiosha kwa petroli. (Ngarenaro, Arusha)

Acha leo. Mvuke wa petroli unangoja cheche moja tu, na oringi, zile pete za mpira za kuzuia upepo usivuje, zinavimba. Na nyie mnaopuliza vumbi mwilini kwa upepo wa kompresa jioni, acheni pia: unatoboa ngozi, unapasua jicho.

Nikifunga kikombe cha oili kwenye njia ya upepo, nitapona na kusahau? (Pasua, Moshi)

Kwa spana, matone ya kila asubuhi utayasahau, siyo kumwaga maji. Ila kama mpira huohuo unapulizia rangi, usithubutu. Oili kidogo tu, rangi inafanya vishimo na utaikwangua yote. Tenga mipira.

Mtungi umetoboka katundu kadogo chini. Nichomelee? (Unga Limited, Arusha)

Usichomelee. Kutu imeula kutoka ndani, kwa maji yaleyale, na bati lote la kuzunguka hapo limekuwa jembamba. Mtungi wa hivyo hupasuka na kuua. Zima kompresa, toa upepo wote, na usiujaze tena.