Alama za zege, maegesho ya Temple Street

Je, mistari ya zege kwenye maegesho ya magari ya Temple Street iligongwa kwa nyundo? Hapana. Ile mistari kwenye maegesho hayo, mjini New Haven, Marekani, ni alama za mbao nyembamba za kumwagia zege: uji wa saruji uliingia kidogo kwenye viungio vya mbao hizo, ukaganda kama ukingo mdogo. Ukisogea karibu unaona hadi nyuzi za mti. Zege lililogongwa kwa mkono, lenye mbavu za wima, ni la jengo la Sanaa na Usanifu la Chuo Kikuu cha Yale (1963). Msanifu wa yote mawili ni Paul Rudolph, tena mji mmoja, ndiyo maana yanachanganywa. Anayetaka kuiga aangalie viungio: uji ukivuja sana, kokoto hubaki wazi, na kiraka hakifichiki.