Kunenepa wakati wa kemo si kupona

Hapa Kisumu ukitoka kemo, ile dripu ya dawa za saratani, na mashavu yamejaa, watu wanashangilia. "Mwili umerudi!" Nimeambiwa hivyo na akina mama wa kanisa, na shemeji zangu, hata na muuza mboga wa Kibuye. Dada yangu uliye kwenye matibabu ya saratani ya matiti, maneno hayo yaingie sikio hili yatokee lile.

Kilo za wakati wa kemo mara nyingi ni mafuta, si nyama. Deksamethasoni tunayopewa kuzuia kutapika huleta njaa na kupandisha sukari. Ukishinda kitandani kwa uchovu, misuli inapungua na tumbo linajaa. Ndiyo maana mizani hudanganya: kilo zimebaki zilezile lakini sketi haifungi. Nunua tepu ya fundi cherehani ujipime kiuno. Kwa mwanamke, ukifika sentimita 80 anza kuwa macho. Ukipita 88, hatari ya kisukari na ugonjwa wa moyo imepanda sana.

Mafuta ya tumbo hayakai tu. Yanamwaga asidi za mafuta kwenye damu, ini linalemewa, insulini, homoni inayoshusha sukari, inashindwa kufanya kazi yake, na sukari na trigliseridi (mafuta ya kwenye damu) zinapanda. Tena kuna hili ambalo wengi hatuambiwi: hedhi ikishakoma, estrojeni (homoni ya kike) nyingi ya mwanamke hutengenezwa ndani ya mafuta yenyewe, kwa kimeng'enya kinachoitwa aromatasi. Na saratani nyingi za matiti hukua kwa estrojeni. Vidonge vya letrozoli na anastrozoli vinakizuia kimeng'enya hicho. Tamoksifeni, kidonge kingine cha saratani ya matiti, inafanya kazi kwa njia nyingine, na kwa baadhi yetu inapandisha trigliseridi na kuweka mafuta kwenye ini. Usiache dawa kwa sababu hiyo! Wewe omba upimwe.

Sasa jikoni. Wa ziwani tuna bahati, maana omena, dagaa wetu wa ziwani, ina omega-3 (mafuta mazuri ya samaki) na protini ya kulinda misuli. Shida ni sufuria. Yale mafuta ya kupima ya kibandani kwa kawaida ni ya mawese, na karibu nusu ya mafuta ya mawese ni asidi zilizoshiba, zile zinazopandisha kolesteroli mbaya. Mgongo wazi, ile mifupa ya samaki iliyotolewa minofu, siusemi vibaya, naupenda, lakini ukaangwe kwa mafuta yaliyochemka tangu asubuhi? Hapana. Omena zangu naziosha kwa maji moto mpaka mchanga uishe, nazikausha kwenye sufuria kavu nikigeuza mpaka zianze kunukia, ndipo natia kitunguu, nyanya, ndimu na kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti. Pembeni osuga (mnavu) na ugali kiasi. Wanaouza vidonge vya omega-3 stendi wakidai vinaponya saratani, wapite na mzigo wao.

Kutembea pia ni dawa. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki, na unaweza kuzigawa vipande vipande. Mimi huteremka kuelekea Dunga, ufukweni mwa ziwa, jua likishapoa. Siku za baada ya dripu nazunguka ua tu, na siombi msamaha kwa mtu.

Haya yote ni kwa anayeongezeka. Kama unakonda, hamu imekwisha au mdomo una vidonda, kula unachoweza na umwone mtaalamu wa lishe. Na hata ukiwa mnene, usijinyime chakula katikati ya kemo. Ukijishindisha njaa, misuli ndiyo inayoumia.

Kliniki foleni ni ndefu na daktari ana dakika chache, kwa hiyo andika maswali nyuma ya kadi yako. Mimi niliangaliwa kidonda na uvimbe kwa muda mrefu kabla mtu hajaitaja sukari, na niliyeitaja ni mimi. Ulizia presha, sukari kabla ya kula, na kipimo cha mafuta ya damu. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7.0 mmol/L, na ikirudiwa ikatoka vilevile, hicho ni kisukari, na kinatibiwa sambamba na saratani, hakingojei kemo iishe.