Simu zote zinagoma, 112 imepitaje?

SWALI: Fundi habari za kazi. Mkesha wa Idi hapa Tanga jiko la gesi la jirani lilishika moto, mi nikaanza kumpigia kaka mwenye gari simu haitoki kabisa, mara mtandao uko bize mara inakata yenyewe, kijana mmoja akachukua simu yangu akapiga 112 ikatoka hapohapo na salio sikuwa nalo hata shilingi. Moto tulishauzima wenyewe kwa mchanga na blanketi bichi ila swali limenikaa kichwani, ile simu imepitaje wakati mnara umejaa?
Mama wa wawili, Tanga

JIBU: Pole sana dada, na hongereni kwa kuuwahi huo moto.

112 haipigwi kama namba ya kaka yako. Simu yoyote ikitaka kutoka inaanza kwa kuomba nafasi kwenye mnara, ni ombi fupi mno, na ndani yake kuna alama ya kusema unaombea nini. Ukibonyeza 112 simu yenyewe inaijua namba hiyo (911 pia inaijua) kwahiyo inaweka alama ya dharura, mnara ukiiona unaitafutia nafasi kabla ya wengine, na kuna mitandao imepangwa mpaka kukata maongezi ya kawaida ya mtu ili ya dharura ikae.

Nafasi zenyewe ni chache kuliko watu wanavyodhani. Kwenye 2G frikwensi moja (wimbi la redio ambalo mnara unarushia) inakatwa vipande 8, kwa kawaida kila anayeongea anakalia kimoja, na mnara nao unahitaji vyake vya kazi, sasa chukua mnara wenye frikwensi 4, watu kama 30 tu wakiwa hewani basi umejaa, na mkesha wa Idi mtaa mzima unapigiana kutakiana heri.

Halafu kuna kitu wengi hawakijui, kila laini ina daraja lake kati ya 0 na 9, wewe unalo na mimi ninalo, tumegawiwa tu. Mnara ukizidiwa unaweza kutangaza daraja fulani wasiombe kwa sasa na simu yako inatii kimyakimya. Dharura ina namba yake, 10, ambayo inafungwa kivyake, kwahiyo daraja lako likizuiwa 112 bado inaweza kupita. Juu ya hapo kuna 11 mpaka 15 za laini maalum, mfano 12 ni ya vyombo vya usalama na 14 ya huduma za dharura, ili zimamoto wakiwa eneo la tukio wasikwame kwa sababu sisi tunapiga stori.

Na ukiona simu imeandika "dharura pekee" usidhani imekufa, maana yake mtandao wako haupo hapo ila inaona mnara wa kampuni nyingine, 112 itapitia huohuo. Nchi nyingi inatoka hata bila laini, ila Ujerumani waliifunga hiyo mwaka 2009 kwa sababu watu walikuwa wanapiga kuchezea na hawajulikani ni nani. Hili linaniuma sana jamani, usimpe mtoto simu ya zamani achezee ukidhani haina laini haiwezi kupiga, inaweza, na anakalia nafasi ya mtu anayeungua.

Angalizo moja, hapa Tanzania 112 ni polisi na zimamoto ni 114. Hiyo 114 simu inaweza kuisoma kama namba ya kawaida kama laini au mtandao haujaielekeza, kwahiyo 114 ikigoma piga 112 na waambie ni moto, taja mtaa na kitu cha karibu wanachokijua kama msikiti au shule.

Kaka yako mtumie meseji. Meseji haina upendeleo wowote ila haikalii kile kipande cha kuongelea, inapita njia nyingine, na asipopatikana inasubiri kwenye kituo cha meseji mpaka apatikane. Andika "MOTO KWA JIRANI, NJOO NA GARI" halafu acha simu wazi, polisi wanaweza kukupigia kuuliza njia.