Rangi za mafuta zinageuka matope? Rudi kwenye vibao vidogo

Muulizaji ana tyubu kumi na mbili za rangi za mafuta, kanvasi ya mita moja na chumba kimoja cha kupanga mtaa wa Umoja, Nairobi. Kila picha anayoanza inaishia kuwa kahawia ya matope, na harufu ya tapentaini inamkosesha usingizi. Anauliza kama arudi kwenye akriliki, rangi zinazolegezwa kwa maji. Asirudi. Kinachomshinda ni ukubwa wa kanvasi. Picha ya mita moja inataka mchoro, mwanga na giza, mchanganyiko, unene wa rangi na kingo vyote vikae sawa kwa pamoja, na ikiharibika huwezi kujua ni lipi lililoharibu. Kibao cha sentimita 15 kwa 20 unakipa swali moja tu, unalijibu kwa dakika 40, na kesho unaliuliza tena lile lile.

Vibao ni rahisi kupata. Shiti moja ya hadibodi ya milimita 3, futi nane kwa nne, hutoa karibu vipande 90 vya ukubwa huo. Fundi wa kabati mtaani atakukatia, na kwenye soko la Gikomba utapata hata mabaki. Tumia upande laini. Usugue kwa msasa namba 220 ili ushike, upake jeso, rangi nyeupe ya msingi, mikono miwili au mitatu, kila mkono ukipishana na uliotangulia, kisha uache siku nzima. Kama jeso ni ghali, rangi nyeupe ya ukutani ya maji, ile isiyong'aa, inatosha kwa mazoezi, ila ujue hunyonya mafuta, kwa hiyo rangi za giza zikikauka zitaonekana zimefifia. Usitumie rangi ya mafuta ya milango kama msingi: inateleza, na tabaka la juu linaweza kubanduka. Karatasi nzito nayo inafaa ikipakwa jeso pande zote mbili. Bila jeso, mafuta huingia kwenye nyuzi za karatasi na baada ya muda huikausha na kuifanya ikatike. Najua wengi wanavutiwa na lubugo, kitambaa cha gome la mti kutoka Uganda anachotumia Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi. Matundu na mishono ya lubugo huonekana ndani ya picha, na yeye anajua la kufanya nayo. Anayejifunza aanze na kibao laini, kisichoingilia kazi ya brashi.

Katika zile tyubu kumi na mbili, weka nane kabatini. Zibaki nyeupe ya titani, bluu ya altramarini, amba ya kuchoma (kahawia ya giza) na oka ya manjano (manjano ya udongo). Nyekundu itakuja baadaye. Nyeupe ndiyo itakayoisha kwanza, kwa hiyo nunua tyubu kubwa. Brashi zitoshe mbili bapa za singa ngumu, moja ya milimita 12 na nyingine ya 6, pamoja na kisu cha kuchanganyia. Brashi nyembamba ya kuchorea kope na vidole iache kabisa. Ukiishika tu, utaanza kuchora nywele moja moja kabla hujajua kichwa kiko wapi kwenye mwanga. Paleti iwe kipande cha kioo cha sentimita 30 kwa 40, kingo zimesuguliwa na fundi wa vioo, na chini yake karatasi ya kijivu. Ukimaliza, unakwangua kwa wembe.

Mazoezi ya kwanza hayana rangi. Changanya altramarini na amba ya kuchoma kwa kiasi karibu sawa hadi upate karibu nyeusi. Chukua tone lake, ulitie nyeupe kidogo uone: likielekea bluu ongeza amba, likielekea kahawia ongeza bluu. Jozi hii ni bora kuliko nyeusi ya tyubu kwa sababu unaweza kuipasha joto au kuipoza upendavyo, na amba hukausha haraka ilhali nyeusi ya pembe, ile ya tyubu, hukawia sana. Sasa tengeneza marundo matano, kila moja la nusu kijiko cha chai: nyeusi, kijivu cha giza, cha katikati, cha mwanga, na nyeupe. Kwa kijivu cha mwanga anza na nyeupe utie giza kidogo kidogo. Ukianza na giza utamaliza nusu tyubu ya nyeupe kabla hujafika.

Weka kitunguu kimoja juu ya kitambaa cheupe ndani ya kasha la katoni lililofunguliwa upande mmoja, taa ikitoka kushoto. Taa iwe moja. Balbu ikichanganyika na mwanga wa dirisha, kitunguu kitakuwa na vivuli viwili vya rangi tofauti, na hapo utapotea. Paka kibao amba iliyolegezwa kwa matone machache ya tapentaini, ufute kwa kitambaa hadi kibaki rangi ya chai. Weupe mtupu hudanganya macho, kila rangi ya katikati inaonekana giza kupita kiasi. Kwa brashi weka mistari mitano au sita: juu, chini, pande, na mpaka kati ya mwanga na kivuli. Sasa fumba macho nusu. Kope zikikaribia kugusana, vitu vidogo hupotea na mafungu makubwa ya mwanga na giza hubaki. Chora mafungu hayo, kivuli kwanza, chote kwa rundo moja, kikiungana na kivuli kilicho juu ya kitambaa kama macho yanaviona vimeungana. Kisha upande wa mwanga. Rundo la katikati liwe la mwisho, nalo lipewe nafasi ndogo.

Ukifika dakika 25, piga picha kitunguu na kibao pamoja kwa simu, uigeuze iwe nyeusi na nyeupe, ulinganishe. Karibu kila anayeanza hukuta mambo mawili: vivuli vyake ni vyeupe mno, na mwangaza ulioakisiwa ndani ya kivuli ameufanya ung'ae kama upande wa mwanga. Mwangaza huo ni mali ya kivuli. Hata uwe na nguvu kiasi gani, lazima ubaki giza kuliko sehemu yoyote iliyopigwa na taa. Rudia kitunguu kile kile, mwanga ule ule, mpaka picha ya simu ikubaliane nawe, ndipo ubadilishe kitu. Kuna anayechoshwa na kurudia, lakini marudio ndiyo yanayokuonyesha kama jicho limeona kitu kipya au mkono umebahatisha.

Sasa matope. Mara nyingi rangi hazina kosa. Matope huzaliwa kwenye brashi. Brashi iliyogusa kivuli ikaenda moja kwa moja kwenye mwanga hubeba giza, na nyeupe ya titani hulifanya giza hilo kuwa chokaa chafu. Futa brashi kwa karatasi kila unapohama rundo, kila mara. Kufuta kunatosha. Ukiichovya kwenye tapentaini kila dakika utalegeza rangi na kuongeza tatizo. La pili ni kupapasa. Mpigo mmoja wa brashi ukiwekwa ukaachwa ni safi, wa pili juu yake bado unavumilika, wa tatu unachimba tabaka la chini na kulipandisha juu. Ukiona mpigo umekosea, ukwangue kwa kisu mpaka kwenye kibao kisha uweke mwingine. La tatu ni ubahili. Rangi mpya ikiwekwa nyembamba juu ya rangi mbichi haishiki, inachanganyika. Ili mpigo wa mwanga ukae juu ya kivuli kibichi, uwe mnene kuliko kilicho chini na brashi ilazwe karibu sambamba na kibao, iteleze bila kusugua. Ndiyo maana kivuli huanza kwa rangi nyembamba na mwanga huja na rangi nene kama ilivyotoka kwenye tyubu.

Kuna pia sababu ya uimara. Mafuta ya kitani yaliyomo kwenye rangi hizi hayakauki kwa kupoteza maji kama akriliki, bali hushika oksijeni ya hewa na kuwa ngozi ngumu. Tabaka lenye mafuta mengi likikaa chini ya tabaka lililolegezwa kwa tapentaini, la juu hukaza kwanza, la chini likiwa bado linasogea, na picha hupasuka. Kwa hiyo tapentaini ni ya tabaka la kwanza tu.

Mwanga na giza vikikubali, ongeza oka na nyekundu moja, kadimiamu au mbadala wake, na uchukue kikombe cha bati cheupe au yai juu ya kitambaa cheupe. Weupe juu ya weupe hufundisha joto na ubaridi kuliko bakuli la matunda lenye rangi saba. Chini ya mwanga wa dirisha, upande wa mwanga huelekea bluu na vivuli huelekea oka. Chini ya balbu ya manjano mambo hugeuka. Sufuria ya alumini ifuate, kwa sababu inamlazimisha mtu kuacha kuchora jina la kitu. Hakuna rangi ya fedha pale. Kuna kijivu cha chumba chako, mstari wa giza wa meza, wekundu wa nyanya iliyo kando, na doa moja dogo nene la nyeupe ambalo huwekwa mwisho kabisa na haliguswi tena.

Kuhusu dirisha, vitabu vya Ulaya husema chagua la kaskazini. Kule jua hupita kusini mwaka mzima. Nairobi iko digrii 1.3 tu kusini ya ikweta, kwa hiyo kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki liko kusini. Juni na Julai tumia dirisha la kusini, Desemba na Januari la kaskazini. Mwenye dirisha la mashariki afanye kazi alasiri, wa magharibi asubuhi. Mawingu ya Julai hutoa mwanga tulivu ambao haubadiliki kwa saa nyingi, na huo ndio msimu mzuri kuliko yote wa mazoezi ya ndani, ingawa kwa baridi hiyo rangi hukawia kukauka. Tabaka jembamba la amba huweza kukauka kwa siku moja au mbili, nyeupe nene ikachukua wiki na zaidi.

Nje, nenda saa moja hadi saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi na nusu jioni. Adhuhuri jua liko utosini na vivuli hujificha chini ya vitu. Uhuru Park na Arboretum, bustani za Nairobi, zina miti na mbingu za kutosha, lakini muulize mlinzi kabla hujafungua vifaa. Pierre-Henri de Valenciennes wa Ufaransa aliwashauri wachoraji mwaka 1800 wasizidishe saa mbili kwa zoezi la nje, na nusu saa tu wakati wa macheo au machweo. Kwetu jua huzama karibu wima, kwa hiyo machweo yahesabu dakika 20. Changanya marundo kabla jua halijaanza kuzama. John Constable, mchoraji wa Uingereza, alipokuwa akichora mawingu huko Hampstead mwaka 1821 na 1822, aliandika nyuma ya picha nyingi tarehe, saa na upepo. Fanya hivyo, na uongeze swali ulilokuwa ukilijibu siku hiyo. Kibao kisicho na swali nyuma yake, baada ya mwezi hutajua kwa nini kilifaulu.

Picha kubwa utaichora lini? Ukipata kibao ambacho mtu anakisoma kutoka upande wa pili wa chumba, kikuze mara mbili tu, si mara sita. Ongeza brashi kwa kiwango hicho hicho, la sivyo mipigo itakuwa midogo na picha italegea.

Sasa harufu, maana unalala humo humo. Kwa vibao vidogo huhitaji bakuli la tapentaini wazi. Kijichupa chenye kifuniko kinatosha, kinafunguliwa mwanzoni tu, madirisha yakiwa wazi. Usiweke mafuta ya taa badala yake, yanaacha utelezi ndani ya rangi. Mafuta ya kitani ya hadwea yaliyochemshwa pia si ya picha: yana dawa za kukausha na hugeuka manjano. Brashi zifute kwa gazeti, zisuguliwe katika mafuta ya alizeti, zifutwe tena, kisha zioshwe kwa sabuni ya mche na maji ya vuguvugu mpaka povu liwe jeupe. Tapentaini chafu usiimwage kwenye sinki. Iache itulie siku mbili, umimine ile safi ya juu irudi chupani.

Na vitambaa. Kitambaa chenye mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa kwenye ndoo ya taka huzalisha joto kinapokauka, na joto hilo likikosa pa kutokea, kitambaa huwaka chenyewe bila kiberiti. Kila jioni kabla hujalala, vitandaze kimoja kimoja kwenye kamba nje mpaka vikakamae, au uvitumbukize kwenye mkebe wa chuma wenye maji na kifuniko.