Panya wa Kilimanjaro na chui, nani mwenyeji wa kule juu?

Mkuu umeuliza kati ya chui na yule panya mdogo wa Mlima Kilimanjaro nani mbabe wa kule juu, mi nampa panya bila kupepesa macho. Kapanya kenyewe hakafiki hata gramu 100, kana mistari minne myeusi mgongoni, chui dume anavuka kilo 50 kirahisi tu, kwa hiyo kwa nguvu hapo hamna mechi. Ila nenda Horombo, kambi ya wapanda mlima kwenye mita 3,720, mchana kweupe utawaona hao panya wanachomoka kwenye majani wanapita chini ya benchi wanabeba makombo ya biskuti, wala hawana habari na viatu vyako. Wanakula mbegu, majani, wadudu, chochote kile. Chui anataka nyama ya maana, shughuli yake iko msituni chini huko kwenye mbega na pimbi, ukishafika jangwani juu ya mita 4,000 atawinda nini sasa? Na yule chui aliyekutwa kaganda karibu na ukingo wa kreta ya Kibo, kilele kikuu cha mlima, 1926, aliyemripoti ni mchungaji wa kanisa Richard Reusch, mpaka leo hamna anayejua alifuata nini, halafu watu wanamtolea mfano eti chui wanaishi kileleni. Hapana aisee.