Ukija Karamoja kusoma nchi kame, anzia kwenye mto mkavu

Wengi wanaokuja Karamoja kujifunza mimea, wanyama na miamba ya nchi kame hukimbilia Hifadhi ya Kidepo kutafuta duma na mbuni. Siwalaumu. Mbuni wa porini hapa Uganda utamkuta upande huu wa kaskazini-mashariki tu. Ila kama unataka kuielewa nchi yenyewe, mimi niliyezunguka huku miaka mingi nakushauri utafute mto mkavu, ukae hapo asubuhi nzima.

Fika jua likiwa bado chini, upepo haujafuta nyayo. Nyayo za digidigi ni ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Zifuate mpaka kwenye rundo la mavi yake, maana hurudi palepale kila mara kuweka mpaka wa eneo lake. Mnyama huyu anaweza kukaa muda mrefu bila kunywa. Maji huyapata kwenye majani anayokula.

Kisha chota mchanga, uugeuze juani kiganjani. Vinavyometameta ni ulanga, punje ngumu nyeupe ni kwatzi, vyote vimetoka kwenye miamba ya kale sana inayomomonyoka huko juu. Chini ya mchanga huo maji hubaki hata mto ukikauka. Wachungaji huchimba wakanywesha mifugo, na mikwaju ya ukingoni huendelea kuwa kijani wakati mbuga yote imekauka. Hata Mto Kidepo, sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, mivumo, miti ya jamii ya mnazi, imesimama kando yake.

Ukitoka mtoni, tazama udongo kabla ya mti. Udongo mweusi wa mfinyanzi huvimba mvua ikinyesha, kiangazi hupasuka na kukata mizizi, kwa hiyo miti michache tu huuvumilia. Mmoja ni mgunga wenye miiba iliyovimba kama vibuyu. Gusa tawi kidogo: sisimizi watamiminika kutoka ndani. Mti huwapa makao na utomvu mtamu, wao huung'ata mdomo wa kila anayekuja kula majani.

Mwulize mchungaji jina la kila mmea, na mbuzi hula sehemu gani yake. Andika jina hilo kwanza, la kisayansi litafuata. Na muda wake umlipe, kama unavyomlipa mwalimu yeyote.

Milima ya Moroto, Napak na Kadam ina mabaki ya volkano za zamani. Moroto na Napak zimetoa visukuku vya nyani wakubwa wa jamii ya sokwe, wa miaka milioni 20 hivi iliyopita, akiwemo Morotopithecus. Ukiona mfupa uliogeuka jiwe, tafadhali usiung'oe! Tabaka ulimolala ndilo linaloeleza umri wake. Piga picha, andika mahali, uwaarifu Makumbusho ya Uganda, Kampala. Hata kuchuma majani ya kukausha kutoka ndani ya hifadhi kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori, nacho kiombe mapema kabla hujapanga safari.