Mechi ya kirafiki Wales: sema ukweli kabla ya kuvuka daraja

Kila Agosti ikikaribia, napata ujumbe wa aina moja kutoka kwa vijana wa nyumbani Kenya waliohamia pande hizi za Bristol, Uingereza, na kujiunga na klabu za raga za mtaani: "Kaka, tumepangiwa mechi ya kirafiki na timu ya Wales. Nijiandae vipi?" Wengi wanataka niwaambie wakimbie kilomita ngapi kwa wiki. Mimi huwauliza kwanza: una maumivu gani ambayo hujamwambia kocha?

Nauliza hivyo kwa sababu ya yaliyonikuta. Nilikuwa na miaka 34, winga wa timu ya pili ya klabu ndogo ya ridhaa. Msuli wa nyuma ya paja la kushoto ulikuwa unanivuta tangu Julai. Hayakuwa maumivu ya kukulaza kitandani. Ni yale ya kushuka ngazi huku umeshika ukuta, halafu ukifika chini unajifanya hukushika kitu. Mke wangu aliniona nimekaa sakafuni nikihangaika kuvaa soksi, akasema, "Baba Zawadi, huo mguu hauendi Wales." Nikamwambia ni mechi ya kirafiki tu. Na ndani ya basi, kocha alipouliza kama kuna mwenye tatizo, nikageuka nikatazama dirishani.

Dirishani palikuwa na la kutazama, nikubali. Mto Severn, kule chini ya daraja la kuingilia Wales, una rangi ya chai ya maziwa iliyokaa. Wazee wa klabu wakifika hapo lazima wakumbushie enzi za kulipia daraja: ada ilitozwa ukienda Wales tu, kurudi bure, mpaka ilipofutwa Desemba 2018. Kila mmoja ana utani wake kuhusu hilo na wote nimeshausikia. Ukivuka, unaanza kuona neno ARAF limeandikwa kwa rangi nyeupe kwenye lami. Ni Kiwelisi, maana yake polepole. Nililisoma mara tano au sita siku ile.

Uwanja wenyewe uko kwenye bonde mojawapo la Rhondda, nchi iliyokuwa ya migodi ya makaa ya mawe. Nyumba zimepangwa mstari mmoja mrefu kama mabehewa, na upande mmoja wa uwanja kilima kinaanzia pale pale mstari wa pembeni unapoishia. Mpira ukipigwa nje upande huo unajirudia wenyewe. Halafu ardhi ni ngumu! Ukifika ugenini huku unadhani raga yote ya Uingereza ni ya kuogelea kwenye matope, lakini matope yana msimu wake. Agosti nyasi zimekauka, na ukiteleza juu yake magoti yanachubuka kama yale ya viwanja vya shule zetu. Paka mafuta ya mgando magotini na kwenye viwiko. Njumu mpya ziache nyumbani, au zivae mazoezini wiki mbili kwanza. Na kinga ya meno iwekwe kwenye begi usiku, si asubuhi. Basi, kuhusu vifaa sina zaidi.

Sasa nirudi kwenye uongo, maana siku ile haukuwa wangu peke yangu. Aliyepanga mechi upande wetu alikuwa amewaambia wenyeji kwamba tunaleta "timu mchanganyiko, yenye nguvu kiasi". Ukweli ni kwamba nusu ya timu ya kwanza ilikuwa likizoni na tulikuwa na propu wawili tu, wale wa safu ya mbele wanaobeba uzito wa skramu, yaani pale mafowadi wa pande mbili wanaposhikana na kusukumana kugombea mpira. Mmoja wao alikuwa karani wa benki ambaye hakuwa amesukuma skramu tangu Aprili. Wenyeji nao, kwa heshima, wakatupangia timu yao ya kwanza. Skramu ya tatu mafowadi wetu walirudishwa nyuma kama kabati linalosukumwa kwenye sakafu yenye sabuni.

Kwa hiyo kama wewe ndiye unayepanga, piga simu, usiandike ujumbe. Sema kiwango chenu kilivyo bila kujipamba. Uliza wana wachezaji wangapi wa safu ya mbele na uwaambie wa kwenu, kwa sababu wakikosekana waliozoea nafasi hizo, skramu inabidi ichezwe bila kusukumana, na hapo mafowadi wa pande zote mbili watakuwa wamepoteza Jumamosi yao. Kubalianeni kama ni vipindi viwili vya dakika 40 au robo nne za dakika 20, refa anatoka wapi, na mabadiliko yatakuwaje. Sisi tulicheza robo nne na wachezaji wakiingia na kutoka bila kikomo, ambavyo ndivyo mechi nyingi za maandalizi huchezwa.

Hilo la mwisho ndilo nilitaka ulishike. Kwenye ligi, kutoka kwako kuna gharama: benchi lina hesabu yake, na kocha anaipigia hesabu hiyo. Kwenye mechi ya Agosti kutoka ni bure. Unatoka, unapaka barafu, mwingine anaingia, na hakuna pointi inayopotea. Mimi nilikuwa na wachezaji sita wamekaa benchi wakililia kuingia, na bado nikang'ang'ania.

Ilikuwa robo ya pili. Mpira ulitoka upande wa kulia, ukapita mikono mitatu, ukanifikia nikiwa na uwazi wa kama mita ishirini mbele yangu, na beki wao wa mwisho akija kwa mshazari. Nikaongeza kasi. Hatua ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya tatu nikasikia nyuma ya paja kitu kama mpira wa manati umekatika. Nilianguka bila kuguswa na mtu. Yule beki alikuwa ameshainama kunikaba, akajizuia, akasimama juu yangu akainua mkono kumwita refa. Kisha yeye na mwenzangu mmoja wakanibeba mpaka pembeni. Kocha wetu hakunigombeza. Aliuliza tu, "Tangu lini?" Nikajibu, "Tangu Julai." Akaenda zake. Nilicheza tena baada ya Krismasi.

Ikiwa msuli unaweza kukufanyia hivyo, kichwa ni zaidi. Ukigongwa kichwa ukaona nuru au ukasahau matokeo, toka, na usikubali mtu yeyote akurudishe siku hiyo, hata ukijisikia umepona. Mwongozo wa michezo ya ridhaa Uingereza unataka mtu aliyepata mtikisiko wa ubongo asirudi mechini kabla ya siku 21. Ni afadhali siku hizo uzihesabu Agosti kuliko Oktoba.

Na usikimbilie kuondoka baada ya filimbi. Huko timu hupangana mistari miwili na kupigiana makofi, halafu mnakaribishwa ndani. Nilikaa na barafu mguuni, sahani mapajani: nusu wali, nusu chipsi, juu yake mchuzi wa kari. Wao wanauona mlo wa kawaida kabisa, mimi niliona kama mtu wa kibanda cha Nairobi amekosea oda nikanufaika. Mzee mmoja akaja kukaa karibu, akauliza kwetu ni wapi. Nikasema Kenya. Macho yakamwangaza: "Dubai, 2009!" Mwaka huo kwenye Kombe la Dunia la wachezaji saba kila upande, Kenya iliishia nusu fainali na Wales ikabeba kombe. Alinisimulia kwa robo saa kana kwamba sikuwahi kusikia. Kisha akautazama mguu wangu, akasema alicheza propu miaka ishirini na hajawahi kuona mtu anayeumia mapema hivyo kwenye msimu ambao haujaanza.

Tangu hapo nimevuka daraja lile mara nne kwa mechi kama hiyo. Safari ya mwisho, goti lilikuwa linalalamika kidogo. Kocha alipouliza ndani ya basi, nilinyoosha mkono kabla hajamaliza sentensi, nikamwambia naweza dakika ishirini tu. Akanipa kumi na tano.